Suruali Kumi na Mbili na Mguu Mmoja

Mke wake husema kwamba kama udadisi ungekuwa ugonjwa, mumewe angeshazikwa zamani. Na mama huyo hatii chumvi. Siku sindano ya cherehani ilipomtoboa kidole na kukipasua, bwana huyu alikaa mbele ya daktari akishonwa jeraha, jasho likimtoka, lakini badala ya kulia kama watu wengine aliuliza, "Samahani daktari, huo uzi mwishoni mnaufunga fundo la namna gani?" Daktari alimwambia atulie. Hakutulia mpaka akaonyeshwa.

Wateja wanamwita Fundi Jicho. Ukiingia dukani kwake anakutazama mara moja tu, kuanzia begani hadi kisiginoni, na kabla hujamaliza kusalimia ameshakijua kiuno chako, pamoja na kile unachopenda kudai kuwa ndicho kiuno chako. Atakupima kwa futi kamba baadaye, kwa heshima tu. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye cherehani tatu, meza ya kukatia iliyolika pembe, na marobota ya vitambaa vya sare, kwa kuwa riziki yake kubwa ni sare za shule. Mke wake anauza dawa kwenye duka la dawa karibu na stendi. Watoto ni wawili, kifungua mimba wa kike mwenye miaka tisa na kitinda mimba wa kiume wa miaka mitatu. Paa lao halivuji, ada za shule wanalipa kwa mafungu mawili, na friji wanayo. Si watu wa kusaidiwa, na si watu wa kusaidia sana. Watu wa namna hii wako wengi, na hakuna anayewaulizia habari zao.

Fundi ana tabia moja inayomchekesha kila mtu. Kila bei anaipima kwa suruali za shule. Mwambie gunia la mchele ni kiasi gani, atafumba jicho moja na kukwambia, "Hizo ni suruali sita na mguu mmoja." Mguu mmoja ndio nusu yake. Watoto wake wamejifunza hesabu hivyo, na mwalimu wa binti aliwahi kumwita mzazi shuleni kuulizia jambo hilo.

Sasa, huyo binti. Alipokuwa na miaka sita walipita barabara ya nje ya mji, akaliona treni la kupinduka likipanda juu ya ukuta wa bustani ya michezo, likasimama kileleni kama linalofikiri, halafu likaporomoka na watu wake wakipiga mayowe. Akauliza wale watu wanalilia nini. Baba akasema hawalii, wanafurahi. Tangu siku hiyo mtoto hakuwa na ndoto nyingine. Kwenye lango la treni kuna sharti, ufike sentimita mia moja na ishirini, usipofika unabaki chini. Akaanza kujipima.

Mwaka ule tiketi ya mkubwa ilikuwa suruali mbili. Fundi akasema tungoje, mtoto mwenyewe bado mfupi. Mwaka uliofuata ikawa tatu, wakaambiwa ni umeme. Mwaka uliopita ikawa nne, na safari hiyo hakuna aliyejisumbua kutoa sababu. Mke akasema, "Baba watoto, tukiendelea kungoja mtoto arefuke, bei itamshinda kwa kimo." Basi wakaanza kuweka. Haba na haba, mwezi kwa mwezi, suruali kumi za kiingilio, maana wakubwa wawili ni nane, binti nusu bei ni mbili, na mdogo asiyefika mita moja anaingia bure. Wakaongeza suruali tatu za chakula cha mchana na vikorokoro vingine.

Jumapili walifika getini asubuhi, wamevaa nguo zilizopigwa pasi hadi zikasimama. Juu ya dirisha la tiketi palikuwa na karatasi mpya. Fundi akaisoma mara mbili.

"Tano," akamwambia mkewe.

"Tano nini?"

"Suruali tano. Tangu tarehe mosi."

Mama alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. "Kumi na mbili na mguu mmoja," akasema. "Tunazo. Tutakula tukirudi nyumbani." Wakapiga moyo konde, wakasogea mbele na foleni.

Ukutani, kando ya dirisha, palikuwa na ubao mrefu uliochorwa twiga, amejaa namba za kupimia kuanzia miguuni hadi shingoni. Hapo ndipo kila mtoto anaposimamishwa. Chini ya mia na ishirini analipa nusu na kuvishwa bangili ya njano ya karatasi. Juu ya hapo analipa kama mtu mzima na kuvishwa nyekundu, na nyekundu ndiyo inayofungua treni la kupinduka. Binti akasimama, akaubana mgongo ukutani, akashusha pumzi. Dada wa tiketi akamwekea rula kichwani.

"Mia ishirini na moja. Huyu mkubwa." Akamfunga bangili nyekundu hapo hapo.

Binti alipiga kelele ya furaha hata watu wa nyuma wakacheka. Akainua mkono juu, akamwonyesha mdogo wake, akamwonyesha mama yake, akaligeukia treni lenyewe akalionyesha pia.

Mama alishapiga hesabu. Wakubwa watatu ni suruali kumi na tano, na mkobani mna kumi na tatu. Akamsogelea mumewe, akanong'ona, "Ingieni nyinyi. Mimi nitakaa hapa nje na mkoba, nitasoma gazeti. Usimharibie."

Fundi hakusikia. Mwenzetu alikuwa ameshapotea mawazoni. Jana yake tu alimpima binti huyo huyo, kwenye fremu ya mlango, akapata mia na kumi na saba kamili. Mtoto harefuki sentimita nne kwa usiku mmoja, hata akilala amenyooshwa. Akamtazama binti, akamtazama twiga, halafu akatazama chini. Vigae vilikuwa vipya, vinang'aa, saruji kati yake bado nyeupe. Twiga mwenyewe hakuwa na kwato. Miguu yake ilikuwa imezama sakafuni.

"Baba," binti akasema. Alimfahamu baba yake. "Baba, acha."

Macho hayana pazia, na ya fundi huyu hayakuwahi kuwa nalo. Akapiga magoti mbele ya foleni nzima, akachomoa futi kamba mfukoni, akaishusha kutoka kwenye namba kumi ya twiga hadi sakafuni. Badala ya sentimita kumi, zilikuwa sita.

"Mzee, vipi, umeangusha kitu?" mtu mmoja akauliza nyuma.

"Sakafu imepanda," fundi akajibu, kwa furaha kabisa, kama aliyeokota pochi.

Dada wa tiketi akavuta subira. "Baba, kama hela hazitoshi, sema tu. Watu wanangoja."

"Hela hazitoshi dada, hilo ni kweli kabisa. Lakini hata zingetosha, huyu mtoto ni mia na kumi na saba. Mmeweka vigae juu ya sakafu ya zamani, na ubao hamkuupandisha."

Akaitwa meneja. Akaja mtu mnene mwenye simu ya upepo kiunoni, suruali yake imeachiwa mshono nyuma mara mbili ili imtoshe, jambo ambalo fundi aliliona na kwa bahati nzuri hakulisema. Alisikiliza amekunja uso. Mwishowe akachukua karatasi ya kuchapia kutoka dirishani, ile ya kawaida ya ofisini, ambayo urefu wake kila karani anaujua kuwa karibu sentimita thelathini. Akaisimamisha sakafuni mbele ya twiga. Ncha ya juu ikafika thelathini na nne.

Foleni ikasogea kuitazama karatasi. Kisha mama mmoja akasema kwa sauti, "Kwa hiyo wangu wiki iliyopita nilimlipia bei ya mkubwa bure!"

"Vigae viliwekwa lini?" meneja akamuuliza dada.

"Wiki ya tatu hii."

Meneja akaligeukia treni kule juu. Rangi ilimtoka. Akaishika simu ya upepo na kusema, "Simamisheni treni. Wote wenye nyekundu wapimwe upya, kwa futi, sasa hivi." Wiki tatu alikuwa akiwapandisha watoto wasiofikia chuma cha kuwashikilia mapajani. Ikumbukwe kwamba wiki hizo tatu alikuwa akiwatoza pia bei ya watu wazima, ila hilo lilionekana kumjia akilini baadaye kidogo.

Kisha akamgeukia fundi kwa adabu mpya. "Mzee wangu, samahani sana. Mtoto atalipa nusu." Akamwashiria dada, na dada akachukua mkasi.

Fundi alikuwa bado amepiga magoti, futi mkononi, akiwaza ni mifuko mingapi ya saruji iliyotumika. Aliusikia mkasi ukikata karatasi. Akainua macho akaona bangili nyekundu ikianguka, na mkono mdogo ukivishwa ya njano, na uso wa binti yake juu ya mkono ule. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya.

"Si nilifika?" binti akauliza.

"Hukufika, mama. Sakafu ndiyo iliyofika."

Mkewe akahesabu hela za suruali kumi na mbili na mguu mmoja, akazisukuma dirishani, na bila kumtazama mumewe akasema, "Kuna siku utaulizwa ndipo ujibu."

Waliingia. Ilikuwa siku nzuri kwa namna yake, tusiseme uongo. Kitinda mimba alipanda farasi wa kuzunguka mara tano na kumuaga kila mtu kila alipopita, kana kwamba anasafiri. Binti alipanda pia, magoti yakigusa kidevu, amekaa kwa uvumilivu kama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea. Mandazi ndani yaliuzwa bei ambayo fundi alikataa kuigeuza kuwa suruali. Baada ya saa sita mama alikwenda kumlaza mdogo kivulini, na binti akasema anataka kulitazama treni tu, kwa chini.

Lilikuwa limesimama. Kijana wa zamu hakuwa na kazi, na fundi, hata kwa huzuni yake, hakuweza kujizuia. Akauliza magurudumu yanashikaje reli, akauliza nani anakagua na kila lini, akauliza kile chuma cha mapajani kinajifunga vipi. Nje ya uzio palikuwa na kiti kimoja cha maonyesho. Kijana akamkaribisha binti akae, akamshushia chuma mpaka kikalia klak na kugoma.

Fundi aliinama. Kati ya chuma na mapaja ya mtoto palibaki nafasi. Akaingiza ngumi yake, ikapita nzima, ikatoka upande wa pili. Akarudia polepole ili binti aone. Binti aliitazama ngumi ya baba yake, akaitazama reli kule juu ilikopinda kichwa chini. Alikuwa mtoto wa fundi, nguo isiyomkaa mtu aliijua. Baba alikuwa sahihi, na katika maisha yake hakuwahi kuona usahihi usiomfurahisha kiasi kile.

Walikaa kwenye ukingo wa maua.

"Mwakani nitakuwa nimefika?" binti akauliza.

"Utafika na kupita. Watoto wa umri wako huongezeka sentimita tano, hata sita."

"Na nitalipa kama mkubwa."

"Ndiyo."

"Suruali ngapi?"

Fundi alifumba jicho moja, kwa mazoea. Mbili, tatu, nne, tano. "Labda sita," akasema. "Hawajasema."

"Na wewe sita, na mama sita." Binti alianza kuhesabu kwenye vidole, vikamwishia, akaazima vya baba yake, navyo vilipobaki viwili akaacha. Kule kivulini mama alikuwa akimpepea mdogo kwa ramani ya bustani. Binti akawatazama kwa muda mrefu.

"Basi mwakani nitaingia peke yangu," akasema. "Nyinyi mtanisubiri pale getini. Mtaniona nikipita juu."

Hakusema kwa kinyongo. Alisema kama mtu aliyepanga safari na kuona inawezekana. Fundi alitaka kumwambia hapana, tutakuja wote wanne, wazo gani hilo. Lakini hesabu yake mwenyewe ilikuwa imeshafika pale pale, mapema kidogo kuliko ya mtoto.

"Tutakusubiri, mama," akamwambia, na kilichomuuma ni kwamba hakuwa anatania.