Kabati la Jirani

Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa na vyumba sita na ua mmoja. Baba, mtu wa Lindi, alisukuma mkokoteni sokoni. Chumba cha mbele alikaa karani mmoja kutoka Kilimanjaro. Kwao wamisionari walijenga shule tangu babu yake akiwa mtoto. Baba yangu alijifunza kuandika jina lake ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini ilikuwa miaka ya Ujamaa, wote tuliitana ndugu, nami kwa ujinga wangu niliamini.

Asubuhi moja mgambo waliingia uani kusaka wasio na kazi, wapelekwe vijijini wakalime. Karani akatoa kitambulisho cha ofisi. Baba hakuwa na karatasi yoyote, akawaonyesha viganja vyake vilivyojaa sugu. Mgambo mmoja akacheka, kisha akamgeukia karani.

"Ndugu, huyu ana kazi?"

Karani akafunga kifungo cha shati. "Mimi sijawahi kuona barua yake ya ajira."

Wakampandisha baba kwenye lori na kandambili zake, mama akilia na kuwaapia kwa Mungu. Mpaka leo nikimsikia mtu akisema zamani tulikuwa sawa, natamani kumtukana.

Lori lilipokata kona kuelekea mtaa wa Gerezani, karani alimsogelea mama, tena kwa upole kabisa.

"Pole sana, shemeji. Sasa Jumamosi nani atanibebea lile kabati langu?"