Trekta Mlangoni kwa Mikayi

Watu husema wake wenza hawapendani. Waje kwangu niwaambie. Mimi nilimpenda Pauline, mke wa kwanza wa mume wangu, kuliko nilivyompenda huyo mume mwenyewe, Mungu amrehemu. Nilimwita Mikayi, jina la heshima la mke mkubwa, naye aliniita nyieka, yaani mke mwenzangu. Alikuwa mnene, mcheshi, na kicheko chake kilisikika hadi barabara ya kwenda Oyugis.

Kisha jaa likatufuata. Mwanzoni lilikuwa shimo dogo la taka za soko, mbali na sisi. Kufikia miaka ile ya tisini na kitu, kontrakta alikuwa amelipanua likavuka mtaro, likameza mkonge wetu, likaja kusimama uani kwa Mikayi. Malori yakaongezeka. Kila asubuhi yalipanga foleni nyuma ya trekta moja kuukuu ya kusawazisha taka, na trekta hiyo, wuololo, ilikuwa balaa! Stata yake ilikuwa imekufa. Dereva akiizima, lazima isukumwe ndipo iwake. Basi hakuizima. Alikunywa chai kwenye kibanda cha jirani huku inanguruma, akalala chini ya mti huku inanguruma, mbele ya mlango wa Mikayi.

Moshi mweusi uliingia kwa mlango ukatokea dirishani. Sufuria zilikuwa na masizi hata kabla ya kuwekwa motoni. Kifua cha Mikayi kikabana. Akianza kucheka, kikohozi kinamkata katikati, anashika ukuta, machozi yanamtoka. Daktari wa zahanati akamwambia wazi: hama, la sivyo kifua hiki kitakuua.

"Nihame niende wapi?" aliniuliza. "Mume wetu amelala kaburini hapo nje. Nyumba ya mikayi ikiondoka, boma litabaki nini?"

 Nikaenda kumtukana dereva.

Dereva aliitwa Boaz, kijana mrefu wa Sori. Mimi nilimpelekea matusi, Mikayi alimpelekea uji. Ndiyo, uji! Wa wimbi, wenye ndimu. "Kosa si lake, nyieka, ni la stata," aliniambia. Wakawa wanataniana kwa kupaza sauti juu ya ule mngurumo, yeye akimuuliza Boaz atampata wapi mke na masikio meusi vile.

Kumbe mke alikuwa hapo hapo. Binti yangu Dolphine akaniambia amepata mchumba. Nani? Boaz.

"Yule wa moshi? Ng'o! Labda nife kwanza."

Mikayi akanivuta jikoni. "Nyieka, tumia akili. Ukimkataa, atabaki kuwa dereva. Ukimkubali, mimi nitakuwa nani wake?"

Hapo nikamwelewa. Kwetu, ukioa binti, mama wote wa boma lile ni mama wakwe zako. Huwapi mkono. Ukikutana nao njiani, unawapisha ukiangalia chini. Kuacha injini ikinguruma mlangoni kwa mama mkwe? Mwanamume wa kufanya hivyo hajazaliwa.

Mikayi aliona uso wangu ukibadilika, akacheka, na kikohozi kikamkamata. Nikamshika mgongo mpaka kikaisha. Nikamkubali Boaz hapo hapo, kabla sijautoa mkono.

Ng'ombe wakaletwa. Jumatatu iliyofuata Boaz alifika na trekta, akauona ule mlango, akageuza kama mtu aliyeona chui. Akaipeleka nyuma ya mikaratusi, kwenye mteremko, ambako upepo unatupa moshi bondeni. Kule aliweza hata kuizima. Akitaka kuiwasha, anaiachilia iteremke tu! Siku zote hizo ulikuwa uvivu wa kutembea mpaka kwenye kibanda cha chai. Malori yakamfuata. Bosi akafoka, Boaz akamwambia atafute dereva asiye na mama mkwe.

Wiki zikapita. Nilidhani Mikayi angefurahi, lakini nikamkuta mlangoni amejikunyata.

"Nimemkosa yule mtoto," akasema. "Siwezi hata kumtania."

Akapika uji, akampa Dolphine. "Mpelekee mumeo. Sema ni wako."

Dolphine akarudi na kikombe kitupu, anazuia kicheko. "Amekunywa wote. Halafu akasema, Dolphine, wewe na ndimu mmejuana lini? Mwambie aliyepika kwamba masikio bado ni meusi, na mke nimempata hivyo hivyo."

Kumtumia mama mkwe utani! Aibu gani hii? Nilitaka kukasirika, lakini Mikayi alikuwa tayari ameanza kucheka. Alicheka akijipiga paja, kichwa nyuma, kuku wakatawanyika uani. Nikakimbia nyuma yake, mikono tayari kumshika.

Kikohozi hakikuja; akacheka mpaka akamaliza mwenyewe.