Moto wa Bibi Ulivyovuka Mbuga

Ndugu yangu, mimi Ulaya sikupelekwa na mtu. Nilipelekwa na asali. Shule niliishia darasa la nne, lakini mapipa yangu yalitoka Tabora yakafika Ujerumani wakati wasomi wengi wa rika langu hata pasipoti hawana. Basi nilipomtembelea mteja wangu, mzee aliyewahi kuishi kwetu na Kiswahili anakimudu, akanichukua jioni moja kwenda kumtazama mjukuu wake klabuni.

Nikakuta watoto wamevaa helmeti kama waendesha pikipiki, mabegani wamejaza vitu kama magodoro. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku mithili ya papai changa. Mmoja anaukumbatia na kutimua mbio, wenzake wanajitupa mbele wagongwe wao ili yeye apite.

"Huu ndio mpira wa Kimarekani," mteja wangu akaniambia. "Usijali, hata mimi ulinichukua muda kuuelewa."

Nikamjibu kwamba mimi nimeshauelewa, tena niliucheza nikiwa mtoto. Akacheka, akidhani ni maneno yangu tu. Mimi sikucheka.

Ulikuwa mwaka ule wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Kwetu ni mbele ya Kwihara, nyumba zimetawanyika, kila mtu na mihogo yake na ng'ombe wake. Asubuhi za nyumbani kwa bibi zilinukia michembe ya viazi vitamu inayochemka na karanga. Kazi yangu ilikuwa kuokota samadi kavu, maana moto wa bibi haukuwahi kuzimika tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi na mama mkwe wake akampa kaa la kwanza. Usiku aliyafukia makaa kwenye majivu, alfajiri akayapuliza. Na kwetu mwanamke akihama, huhama na moto wake. Kuingia nyumba mpya na kuwasha kwa kiberiti ni kama kuingia ugenini.

Lori lilikuja kiangazi, upepo ukivuma kweli kweli. Dereva akaukataa moto, nyuma alikuwa na pipa la petroli. Mgambo akamwambia bibi atanunua kiberiti dukani. Bibi akauliza duka liko wapi. Akajibiwa litajengwa. Watu walicheka, hata waliokuwa wakilia.

Bibi akajaza makaa chunguni, akayafunika majivu, akaniita. Mabibi wa kwetu huwaita wajukuu wao waume, ni utani wetu, lakini siku ile uso wake haukuwa wa utani.

"Mume wangu, moto huu ukifa mimi nitakaa nje. Siingii nyumba isiyonijua."

Akapandishwa kwenye lori. Sisi watoto wa majirani tukashika njia ya zamani ya misafara, ile ambayo babu zake bibi walipita na mizigo mabegani. Chungu nilikilaza kifuani juu ya ngata ya majani. Kikiniunguza napiga kelele, mwenzangu anakipokea. Wengine wanatembea upande wa upepo, mashati wameyapanua kama pazia. Mtoto wa fundi seremala, mnene, tulimsimanga njia nzima kwamba amekuja kusindikiza tumbo lake.

Kwenye mbuga tukamkuta mgambo mwingine, kawekwa pale watu wasirudi makwao. Akauona moshi, na nyasi zimekauka.

"Mwageni huo moto hapa hapa," akasema, akatanua mikono.

Wakati huo chungu ninacho mimi. Mtoto wa fundi seremala aliinamisha kichwa akamvamia mgambo tumboni, wakaanguka wote wawili. Nikapita. Nyuma yangu nikasikia fimbo zinalia, na sauti yake katikati ya fimbo:

"Usigeuke wewe! Kimbia!"

Nilifika jua linazama. Bibi alikuwa amekaa juu ya kinu chake nje ya kibanda kisicho na mlango, watu wamembembeleza aingie wamechoka. Alizamisha kidole kwenye majivu. Akapuliza, kimya. Akapuliza tena, likafumbuka jicho moja jekundu. Hapo ndipo alipoinuka akaingia ndani.

Jioni ile wanawake tusiowajua, waliotolewa sehemu mbalimbali, walikuja na vigae vyao, shikamoo mama, tunaomba moto. Mstari mzima wa vibanda ukanukia moshi mmoja. Yule mnene alipofika akichechemea, mgongo umevimba, bibi alimpakulia michembe kabla yangu.

"Wewe sogea huko," akaniambia, "mimi nimeshaolewa."

Kile kijiji sasa ni msitu. Watu walirudi mmoja mmoja walikotoka, wengine wakaishia mjini. Bibi alifariki mimi nikiwa tayari mtu mwenye uwezo wangu. Sanda nilinunua mimi, na ng'ombe wa waombolezaji alitoka zizini kwangu, hilo watu wa kule hawajalisahau. Baada ya maziko wanawake wakauliza nani anachukua moto. Wake zetu wakatazamana. Kila nyumba ilikuwa na jiko la mafuta ya taa na kiberiti chake. Wakauliza tena. Mwisho mama mdogo akachota kata ya maji, akayamimina juu ya makaa.

Mtoto wa fundi seremala, ndevu zimeshaanza kuingia mvi, alikuwa amekaa nasi mkekani. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni pa jiko la bibi, na hakutoka pale mpaka mvuke ulipokwisha.