Nukta ya Nne ya Samaki

Mineyo alikuwa na tabia ya kugeuza karatasi kifudifudi. Ilani ya kukatiwa maji aliigeuza, cheti cha daktari wa meno alikigeuza vilevile. Mara ya kwanza alipofanya hivyo dukani kwangu nilikasirika, maana karatasi ile niliichapa mimi na wino ulikuwa haujakauka vizuri.

“Kwani kazi yangu mbaya kiasi hicho, dada?”

“Kazi yako nzuri, Yasue. Hizo herufi ndizo zinanitazama.”

Nikasema moyoni, huyu naye! Mtaa wetu wa bandarini una vituko vya kutosha. Lakini kila Jumanne alirudi, akaomba karatasi zilizoharibika, akakaa karibu na jiko la mafuta na chai yake ya shayiri, akazipekua kwa kioo cha kukuzia. Kuzitazama hataki, kuacha kuzitazama hawezi. Miaka mitatu ilipita ndipo akaniambia alichokuwa anatafuta.

Ujanani, yeye na dada yake Shizue walichora herufi katika karakana moja mjini Osaka. Si kuandika, kuchora: herufi moja kwenye kipande cha karatasi kikubwa kama kiganja, kwa kalamu na rula, maelfu kwa maelfu. Miaka baadaye michoro ile iliingizwa kwenye kompyuta. Leo ukiwasha mashine ukaanza kuandika kabla hujachagua chochote, herufi zinazokuja zenyewe ni zao. Nani anajisumbua kuchagua? Ofisi ya mji haichagui, hospitali haichagui, hata mimi mwenye duka la kuchapa sichagui. Kwa hiyo Mineyo hakuwa na pa kukimbilia.

Shizue ndiye aliyekuwa fundi. Ila alikuwa na ukaidi wake: nukta ya mwisho katika herufi zake aliiinua kidogo, ikakaa kama mtu anayetaka kuondoka. Msimamizi, Bwana Kuroiwa, alichukia sana. “Msomaji akiona mkono wa mtu, tumeshindwa,” alikuwa akisema. Basi Shizue alipougua figo akawa anachorea kitandani, kazi ya kunyoosha nukta zake akapewa mdogo wake. Rangi nyeupe, brashi nyembamba. Mineyo alimfuta dada yake, trei baada ya trei ya vipande vile.

Siku ya mwisho kwenye meza yake ilikuwapo trei ya samaki. Katika maandishi yetu ya Kijapani jina la kila samaki lina herufi yake, na nyingi zina umbo la samaki ubavuni, na nukta nne chini yake. Simu ikalia ofisini. Alikuwa mama yao: njoo hospitali sasa hivi.

“Nikasema ngoja nimalize trei,” Mineyo aliniambia. “Nilimaliza, nikanawa mikono, nikaenda. Nikakuta wameshamfunika uso kwa kitambaa.”

Trei ile alipotoka mazishini ilikuwa imeshapelekwa kupigwa picha, naye hakurudi tena pale. Barua za Shizue ziliteketea nyumba yao ilipoungua. Kilichobaki ni tumaini kwamba mahali fulani katika maelfu yale nukta moja ilimponyoka. Alitafuta kwenye herufi za miti, za majani, za maji. Samaki hakuwagusa. Hao alijua amewamaliza.

Mimi nilimwonea huruma, nakiri, lakini pia nilichoka naye. Mtu hawezi kuomboleza dukani kwangu kila Jumanne.

Sasa, Gohei muuza samaki matangazo yake huyaandika mwenyewe kwa brashi, na huwezi kumwambia kitu juu ya mwandiko wake. Mwezi wa kumi mwaka jana aliteguka kiwiko, akaja amejifunga mkono.

“Niandikie ‘kibua’, mama. Karatasi nzima.”

“Kwa mwandiko gani?”

“Aa! Herufi ni herufi. Samaki wangu wanaoza huko!”

Nikatumia zile zinazokuja zenyewe, nikakuza mpaka herufi moja ikajaza karatasi. Ilikuwa Jumanne. Printa ilipoitoa, Mineyo alisimama kwa ghafla hata chai ikamwagika. Akaweka kidole chini ya umbo la samaki. Nukta ya nne ilikuwa imeinuka.

“Huyu ametiwa chumvi machoni?” Gohei akauliza. Nikamwambia leo awatangaze vibua wake kwa mdomo, anao mkubwa wa kutosha. Akaondoka ananung’unika.

“Nichapie papa,” Mineyo akasema. Sauti haikuwa yake.

Nikachapa. Papa alikuwa ametulia, nukta zote nne sawa.

“Samoni.” Sawa.

“Trei ilipangwa kwa hesabu ya mistari ya kila herufi,” akasema. “Wenye mistari michache mwanzo. Hao wawili wanamtangulia kibua. Sasa nipe changu.”

Changu anamfuata kibua. Nukta yake ilikuwa imeinuka. Nikachapa dagaa bila kuambiwa: imeinuka. Mkunga: imeinuka. Tulipanga karatasi sakafuni kwa mpangilio wa trei ile, na hata mimi nisiyejua kuchora niliona pale mkono wa mmoja ulipokoma na mkono wa mwingine ukabaki peke yake. Nilitaka kutoka nje nisimame juani.

Mineyo alipiga magoti mbele ya kibua. Nikadhani anafurahi, maana alikuwa amempata dada yake, na si nukta moja, nusu ya trei nzima.

“Dada Mineyo, si ndiye huyo uliyekuwa unamtafuta?”

Akatikisa kichwa.

“Sikumaliza, Yasue. Miaka arobaini najiambia nilimaliza kwanza, ndiyo maana nikachelewa. Kumbe niliacha brashi hapa.” Akagonga karatasi. “Hapa kwenye kibua. Nilikimbia.”

Nikamshika bega.

“Nilikimbia,” akasema, “na bado sikumkuta.”