Cornel na Ndege wa Miwani

Cornel alikuwa mpiga picha wa harusi na kipaimara, lakini ukimtafuta asubuhi ungemkuta amelala kifudifudi kwenye tope la bwawa la Hombolo, kamera mkononi. Watu walimwona punguani. Mimi nilikaanga samaki palepale kando ya maji, nikamwona kila siku, na nasema hakuwa punguani. Alikuwa mwanamume anayeweza kutulia mahali pamoja, kitu ambacho sikuwa nimekizoea.

Mume wangu Joel hakuweza. Aliniacha na watoto, akahamia Gulwe kwa mwanamke mwingine, na huko akatangaza kwamba nimekauka kama kapi la muwa. Maneno hayo nililetewa na dada yake, Evarista, mtu mwema asiyeweza kufunga mdomo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungua biashara, mitumba imejaa mnadani, na Cornel aliokota lenzi ndefu kwenye rundo la makoti. Tangu hapo mkanda wake wa picha ulianza na maharusi ukaishia na ndege. Ulikwenda kuchukua picha ya kipaimara ya mwanao, ukakuta ndani ya bahasha kitwitwi amesimama kwa mguu mmoja.

"Huyo ni nyongeza, mama," alisema.

Ndiye aliyenifundisha kutazama. Wote kwangu walikuwa ndege wa matope tu. Kumbe mmoja ana miguu mirefu myekundu kama ya kuazima, mwingine amejivisha mikufu miwili myeusi kifuani.

Kipenzi chake kilikuwa ndege wa miwani, tuliyemwita hivyo kwa sababu ya duara jeupe lililozunguka jicho lake. Walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa na shingo ya rangi ya zabibu nyekundu iliyoiva, mgongo wa kijani unaong'aa, na mstari mweupe begani kama mkanda wa mkoba. Mwenzake alikuwa na rangi ya majani makavu yenye madoa ya dhahabu.

"Huyo ni dume," nikasema nikimwonyesha yule wa kwanza, maana kwa kuku wetu mwenye madoido ni jogoo.

"Basi tumwite Joel."

"Mwite. Na yule mnyonge mwite mimi."

Mnyonge alikusanya majani, akatengeneza kiota kwenye mafunjo. Joel akazurura akiita wengine.

"Nenda tu," nilimwambia. "Ukiugua usirudi hapa."

Cornel alicheka mpaka kamera ikatikisika. Alikuwa akiwavizia awapate wote wawili kwenye kiota, lakini Joel hakuwa na habari na nyumbani.

Kisha Evarista akasema anakwenda Gulwe. Nikaamua atampelekea Joel picha yangu, anione kwa macho yake kama nimekauka. Mkanda wa Cornel ulikuwa umebakiwa na picha moja, na siku hiyohiyo alikuwa anaupeleka mjini kusafishwa. Picha hiyo akaniahidi mimi.

Nilikwenda nimesuka, nimejipaka mafuta, nimevaa kitenge chekundu.

"Inua kidevu, Mama Jenifa. Usikunje uso, hapa si barazani kwa mtendaji."

Nikainua kidevu, na nyuma ya Cornel nikaona mafunjo yanatikisika.

"Joel amekuja nyumbani," nikanong'ona.

Cornel aligeuka. Yule mwenye shingo nyekundu alipanda kiotani, mwenzake akasogea pembeni. Yule mwekundu akachuchumaa. Alipoinuka, chini yake palikuwa na yai.

Cornel akanigeukia tena, kamera ikinitazama mimi, uso wake kama wa mtoto aliyenyang'anywa embe.

"Hii ni yako," akasema.

"Piga yule."

"Evarista anaondoka, na mkanda mwingine sina."

"Piga kabla hajaondoka huyo."

Akapiga. Mwenye madoido akaingia mafunjoni bila kugeuka, na yule mnyonge akalikalia yai taratibu. Nikajikuta nimekaa kwenye tope na kitenge changu, nacheka.

"Kwa hiyo Joel ndiye wewe," Cornel akasema.

"Na siku zote hizi nimejitukana kwa mdomo wangu mwenyewe."

Picha ilitoka safi, hata madoa ya dhahabu yanahesabika. Nikampa Evarista na maneno ya kusema. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye karai langu la samaki.

"Kaigeuzageuza. Kauliza uko wapi humo. Nikamwambia, mke wako ndiye huyo mwenye shingo nyekundu."

"Akasemaje?"

"Kasema amependeza. Halafu kauliza, na huyu anayesubiri pembeni? Nikamwambia, huyo ni dume, ndiye anayelalia mayai. Wifi, yule mwanamke wake alicheka mpaka akashika ukuta."

Habari za kapi la muwa sijazisikia tena.

Cornel ameitundika picha hiyo studio kwake, katikati ya maharusi wawili, kubwa kuliko wao. Yangu alinipiga alipofungua mkanda mpya, kabla ya harusi yoyote. Nimevaa kitenge kilekile. Doa la tope halikutoka, nami sikulificha.