Nyumba Niliyoiruka kwenye Ratiba ya Jumuiya

Enzi zetu, mvua za kwanza zikishalainisha udongo, hakuna aliyelima peke yake. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Peramiho, familia zilikuwa zinalimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kubeba togwa. Tulikuwa tunaionja njiani mpaka ndoo inafika nusu, halafu tunasema imemwagika. Mchana ni ugali na likolo la majani ya maboga lililoungwa karanga, mikono yote sinia moja. Mtoto wa siku hizi mwambie apeleke togwa shambani, atakuuliza kwanza kama huko kuna mtandao.

Nilikuwa bado shule ya msingi vyama vingi vilipokuja. Jirani yetu, Baba Kasto, akapandisha bendera ya chama kipya juu ya nyumba yake. Zamu ya shamba lake ilipofika, akina mama wakaanza kunong'ona kwamba huyo akalimiwe na wenzake wa bendera. Mama yangu alikuwa mtu wa chama cha zamani mpaka kanga zake zote, lakini akabeba jembe.

"Kwani nyasi za Baba Kasto zina kadi?" akawauliza. "Jumapili mmepeana amani kanisani. Au mlikuwa mnashikana mikono tu?"

Wakacheka, wakamfuata. Baba Kasto alitaniwa asubuhi yote juu ya ile bendera, naye alijibu kila utani. Shamba likaisha kabla jua halijawa kali.

Nimekulia kwenye hayo, ndiyo maana naona aibu kuandika yanayofuata.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Bombambili. Kwa kuwa madarasa ya jioni niliyosoma ukubwani yalinipa mwandiko mzuri, jumuiya yetu ya kanisa ilinikabidhi daftari la ratiba. Kila Jumamosi asubuhi tunasali nyumba moja, kwa zamu. Kwenye uchaguzi uliopita, mimi na Mama Agatha, rafiki yangu tuliyeuguziana naye watoto, tulikuwa vyama tofauti. Siku moja sokoni akanitania mbele ya watu.

"Mama Neema, hiyo fulana mpya ya chama umepewa pamoja na kilo ya sukari, au fulana peke yake?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Zamu ya nyumba yake ilipofika, nikairuka, nikawaambia wenzangu Mama Agatha ana udhuru. Hakuwa na udhuru wowote. Alikuwa ametandika mikeka, amechemsha chai, mlango wazi, anatusubiri. Na sisi tulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake, tunaimba, sauti zetu anazisikia.

Wiki ileile padri alihubiri kwamba Mungu hapendelei watu, nasi tusipendelee. Nikaitikia amina kwa nguvu kuliko wote kwenye benchi letu.

Baadaye moyo ulinishinda, nikaenda kumwomba msamaha. Alinipa kiti, akakaa mbele yangu.

"Nimekusamehe, dada yangu," akasema. "Ila uliwaambia watu nina udhuru, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza udhuru gani. Hicho ndicho kinachonitoka moyoni taratibu."

Jumuiya hajarudi mpaka leo. Jumapili namwona kanisani, anakaa nyuma karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza anaondoka. Kila mwezi naandika jina lake kwenye ratiba, na kila mwezi ananitumia ujumbe wa heshima kwamba hataweza.

Juzi Neema wangu, ana miaka tisa, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwa kina Agatha tunaruhusiwa kwenda?"

Sikuwahi kumkataza. Ameona mwenyewe. Nikamwambia nenda, mwanangu, nenda kacheze. Nikasimama uani namwangalia. Alifika, akasimama nje, akapiga hodi, akangoja aitikiwe kama mgeni wa kutoka mkoa mwingine. Sisi utotoni nyumba za watu tulikuwa tunaingilia jikoni, na hodi tunapiga tukiwa tumeshakaa.