Papa Ndevu Aliyekufa Mara Nyingi

Petroli ya jenereta, jasho, na turubai lililochomwa na jua: hiyo ndiyo harufu ya sinema yetu ya Kindu, mashariki mwa Kongo, karibu na stesheni, miaka ile ya vita. Sinema ni jina tu. Kilikuwa kibanda cha matete chenye televisheni moja na mabenchi ya mbao. Kanda za video zilikuwa zinaletwa na treni, na treni iliacha kuja, kwa hiyo tulibaki na kanda nne, zote za mwigizaji mmoja wa Ulaya. Katika mbili, zilizotokana na vitabu vya hadithi za watoto, alikuwa mchawi, kisha mfalme wa nchi ya majitu. Katika ya tatu alikuwa polisi, katika ya nne daktari. Baba yangu, fundi wa reli aliyekosa reli ya kutengeneza, alisimama kando ya televisheni akitutafsiria Kifaransa. Majina ya wahusika yalimchosha. Alimwita yule mtu Papa Ndevu kanda zote nne, hata ile ya daktari, ambamo amenyoa kidevu chote! Basi sisi watoto tulishika kwamba hayo ni maisha ya mtu mmoja: alianza uchawi, akatawala, akaingia polisi, uzeeni akatibu watu. Nilimwogopa vibaya mno. Nilikuwa msichana wa miaka minane, na chooni sikwenda peke yangu hata mchana.

Jumamosi moja, saa nane mchana, wakaingia wanajeshi. Wa upande gani, sijui. Siku hizo tulitazama bunduki, si bendera. Komanda wao, kijana tu, akakaa benchi la mbele, na watazamaji wakatoweka mmoja mmoja. Kanda ya polisi ilikuwa inaisha. Papa Ndevu akapigwa risasi, akafa, komanda akapiga makofi na kutaka nyingine. Baba akaweka ya daktari, na Papa Ndevu akaingia na koti jeupe, mzima, anatabasamu. Komanda akaruka. "Ule muntu amekufa sasa hivi! Namna gani anatembea?" Baba akajibu kwa sauti ya chini, "Ile njo kazi yake, komanda. Anakufa ya mchezo." Laiti angenyamaza! Komanda akamnyooshea bunduki. "Eh! Basi na wewe ufe ya mchezo. Nikiona mchezo mubaya, utakufa ya kweli."

Baba akaanguka. Hakushika moyo, hakupiga kelele kama wanavyofanya kwenye filamu; miguu ilimwisha nguvu tu, na kichwa kikagonga benchi. Macho yalibaki wazi. Nzi akatua mdomoni mwake, akatembea mpaka puani, na Baba hakutikisika. Komanda akampiga teke la mbavu. Mimi nilikuwa chini ya benchi, nimejikojolea, na nilijua baba yangu amekufa, kwa sababu aliye hai hawezi kuvumilia nzi vile. Wanajeshi wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakabeba televisheni na jenereta, wakaenda zao. Nikatambaa, nikamshika Baba mguu, nikaita, nikaita. Sauti ya buti ilipokwisha kabisa, akauliza bila kufungua midomo, "Wameenda?" Nikampiga ngumi, nikalia, nikampiga tena. Sijawahi kumchukia mtu namna ile.

Siku hizi watoto wa Kindu wanatazama filamu kwenye simu, na hakuna wa kuwadanganya. Nimemwona tena Papa Ndevu humo, mvi tupu, anacheza babu wa watu. Siku nyingine alikuwa anahojiwa, akasema katika kazi yake yote anapenda zaidi kufa, maana unalala chini wenzako wakihangaika. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Yeye alikuwa na mtu wa kumwambia inatosha, inuka. Baba yupo, mzee sasa, na akishakula husinzia kitini mlangoni, mdomo wazi. Nina watoto wanne, ni mtu mzima na akili zangu, lakini siwezi kumpita hivi hivi. Nasimama. Namwekea kiganja kifuani, na moyo wangu unagonga kuliko wake. Hafungui macho. "Bado, mama," ananiambia. "Bado."